Mama Aliyejua Benga kwa Mgongo

Namshukuru Mungu aliyeniamsha tena leo kabla ya jogoo wa jirani, akanipa chai ya moto, macho yanayosoma bila miwani mchana, na magoti ambayo bado yanakubali kupanda ngazi nikiwa nimebeba nyaya. Furaha yote ilianzia kwake. Sisi wengine tunaipokea na kuipitisha mbele. Kwa jina lake nasimulia jambo hili dogo la kazi yangu.

Mimi ni mzee wa kanisa, na kazi yangu ni kupiga muziki harusini. Watu wakiyasikia hayo mawili pamoja hucheka kwanza, kisha huuliza bei. Nilianza kwa kuchunga vipaza sauti vya kanisa letu upande wa Dagoretti, nikiwa bado karani ofisini mjini. Nilipostaafu, vijana wa kanisa walikuwa wakioana mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliniomba nije na spika zangu. Ni miaka mingi sasa. Huniita Dijei Guka, yaani dijei babu, nami sikatai.

Wengi hudhani dijei huchagua nyimbo zote akiwa nyumbani. Mimi huchagua nusu tu nyumbani. Nusu nyingine naichagua nikiwa nyuma ya meza yangu, nikitazama miguu chini ya viti. Makofi ni adabu. Mtu atapiga makofi hata kwa wimbo asioupenda, kwa sababu shemeji yake anamwona. Mguu hauna adabu. Ukiona kiatu cha shosho, yaani bibi mzee, kimeanza kugonga nyasi, huo wimbo ni wake, usiuondoe mpaka ainuke. Nimejifunza pia kwamba kabla ya chakula watu hutaka nyimbo wanazozijua, na baada ya chakula hutaka nyimbo zisizowaharakisha. Tena akina mama wa upande wa bwana harusi hawatainuka mpaka wawaone wale wa upande wa bi harusi wameanza kuchoka.

Nina sharti moja, nalo hulisema siku ya kwanza kabisa. Nyimbo za baa sipigi. Anayezitaka nampa nambari ya mwenzangu na kumwombea safari njema.

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya ibada, msichana mmoja wa kwaya yetu alinifuata hadi kwenye gari. Alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa imebaki wiki tano.

"Guka, nataka uje unipigie muziki," akasema. "Lakini si mimi nataka ufurahishe. Wageni pia, wakifurahi sawa, wakinuna sawa."

"Sasa nani?"

"Ni mami. Hasikii."

"Masikio yamechoka?"

"Hayajawahi kuanza, guka. Hivyo ndivyo alizaliwa."

Nikafunga mlango wa gari, nikasimama nimsikilize vizuri. Mama yake alikuwa mjane, msusi katika soko la Kenyatta, na alikuwa amemlea na kumsomesha kwa vidole vyake hivyo. Kwa desturi yetu, mama wa bi harusi huingia uwanjani akicheza, mbele ya akina mama wa rika lake, na binti hufuata nyuma. Siku ya ruracio, mahari ilipopelekwa, mama huyu alikuwa amejaribu kucheza hivyo. Alicheza akiangalia miguu ya dada yake ili ajue la kufanya, kwa hiyo alichelewa kuanza, na muziki ulipokatwa yeye akaendelea hatua mbili peke yake. Mgeni mmoja akacheka. Mama hakukisikia kicheko, lakini alikiona.

"Ameniambia siku ya harusi atakaa," binti akasema. "Atapiga picha, atakula, atakaa. Nikimlazimisha atakubali kwa sababu yangu, lakini ataingia akiangalia miguu ya watu tena. Sitaki. Nataka aingie mwenyewe, bila kuangalia mtu. Inawezekana?"

Sikujua kama inawezekana. Nilimwambia inawezekana. Kisha nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu kwamba nimeahidi kitu kwa niaba yake, naye anisamehe na anisaidie.

Harusi ilikuwa ifanyike katika bustani moja ya Muthangari, yenye nyasi nzuri na miti mirefu. Niliomba twende tujaribu siku ya kazi, wakati hakuna wageni. Mimi nilifikiri jibu ni nguvu tu. Nilipeleka spika mbili kubwa za besi, nikaziweka ukingoni mwa nyasi, nikafungulia wimbo wa kusifu ambao vijana wetu huupenda, nikapandisha sauti mpaka majani yakaanza kutetemeka.

Mama alisimama katikati ya nyasi na mkoba wake begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, mwenye mikono mikubwa kuliko nilivyotarajia. Alitikisa kichwa. Kisha akaweka kiganja kifuani na kumwambia binti yake jambo kwa ishara.

"Anasema ni kama kupigwa," binti akatafsiri. "Si kama kuitwa."

Hapo meneja wa bustani alikuwa ameshafika mbio, mkono mmoja juu.

"Mzee! Mzee, punguza! Hapa kuna majirani, wataniletea askari. Hii sauti yako hata kaburini inaamsha watu."

"Siku ya ufufuo ikifika sitaitwa mimi," nikamwambia, nikapunguza. Alicheka, lakini aliendelea kusimama pale hadi nilipozima.

Nilijisikia mpumbavu. Nilikuwa nimemletea mama huyo kelele, kana kwamba kutosikia ni mlango uliokwama unaohitaji bega. Nilikuwa nikikunja nyaya zangu mama aliponigusa mkono, akanionyesha ishara ambayo hata mimi niliielewa: njoo kwangu.

Nilienda Jumatatu asubuhi, binti akiwepo kututafsiria, wakati wasusi wengi hupumzika. Saluni yake ilikuwa chumba chembamba kilichotenganishwa na jirani kwa ukuta wa mbao nyembamba za plaiwudi. Jirani alikuwa mchoma nyama, na mchoma nyama huyo hufungulia redio yake akiwasha makaa na kuifunga akifunga mlango. Mama alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanishika mabega, akaniegemeza nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta. Kisha akangoja.

Nilisikia besi ikinipanda uti wa mgongo. Si kelele. Ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa heshima.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisuka nywele akiwa ameegemea ukuta ule. Binti alinieleza, huku mama akimsahihisha kwa vidole, kwamba nyimbo alizijua zote. Aliijua ya asubuhi ambayo ilikuwa nyepesi, na ya saa saba ambayo humfanya asuke haraka. Na kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote, ambayo hakujua jina lake wala mwimbaji, na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Anaweza kunionyesha?" nikauliza.

Mama akachukua mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akaanza kugonga kwa vidole viwili. Ulikuwa mwendo wa haraka, ulio sawa kabisa, kisha kimya kifupi, kisha pigo zito likirudi. Nimepiga muziki miaka mingi, na nilijua mara moja kwamba hiyo si kwaya wala si wimbo wa kusifu. Hiyo ilikuwa benga, muziki wa magitaa wa kule baa.

Nikaenda kwa mchoma nyama. Alikuwa akikata mbavu.

"Leo kuna nini?" akasema aliponitambua, kwa kuwa alinijua kutoka harusini. "Mzee wa kanisa kwangu Jumatatu asubuhi? Nyama bado, na toba nimeshafanya jana."

"Natafuta wimbo ulioko kwenye redio yako."

"Nyimbo zangu? Mzee, hapa hakuna hata moja utapata pale kwa kitabu chako."

"Fungulia tu."

Nyimbo zake zilikuwa kwenye kidude kidogo cha kuchomeka redioni, mamia kwa mamia, bila majina. Tukaanza ya kwanza. Upande wa pili mama aliegemea ukuta, na binti alisimama mlangoni katikati yetu. Kila wimbo ulipoanza, mama alitikisa kichwa, binti akapunga mkono, na mchoma nyama akaruka wimbo mwingine. Wateja wawili walikuja wakanuniwa.

"Mngoje," mchoma nyama aliwaambia. "Tunapima mama."

Ilituchukua karibu saa mbili. Kisha tukasikia ukuta ukigongwa kwa kiganja, pa! pa! pa!, mpaka visu vilivyotundikwa vikacheza. Mama alikuja mlangoni mwenyewe, uso wote umefunguka. Akaeleza kwa ishara kwamba si mwanzo wa wimbo anaoupenda. Anaupenda mwisho, pale mambo yanapobadilika.

"Huu?" mchoma nyama akasema, akishika kiuno. "Aki mama, kumbe wewe ni mtu wetu!"

Niliujua wimbo huo. Ulipata umaarufu nilipokuwa kijana, kabla sijaokoka. Mwimbaji anamsifu mwanamke fulani mwuza pombe, anaeleza kwa nini ni bora kuliko mke aliyemwacha nyumbani na watoto. Hakuna maneno mabaya kuliko hayo ya kuimbiwa bi harusi. Ningeweza kutafuta besi nyingine inayofanana nayo. Lakini nilikuwa nimeuona uso ule mlangoni.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa akichambua mboga, na hakuinua macho.

"Kwa hiyo unaogopa maneno ambayo yeye hajawahi kuyasikia," akasema.

"Wageni watayasikia. Mchungaji atakuwa meza ya mbele."

"Basi yaondoe hayo maneno. Si wewe ni dijei? Ama unabeba tu spika?"

Mke wangu ana zawadi ya kunipa ukweli bila kuufunga kwa karatasi. Nikaenda chumba changu cha kazi, nikausikiliza wimbo kwa makini, nikiomba kimoyomoyo. Kila anayejua benga anajua kwamba mwimbaji akishamaliza kusema yake, magitaa huchukua nafasi, besi hujikaza, na wimbo hukimbia hadi mwisho bila neno hata moja. Huko ndiko mama alikokuwa akigonga ukuta! Sehemu aliyoipenda haikuwa na mwuza pombe ndani yake. Ilikuwa na magitaa, ngoma, kimya kile kifupi, na besi ikirudi. Niliikata sehemu hiyo, nikaiunganisha mwisho wake na mwanzo wake ili izunguke bila mshono kwa muda wowote nitakaotaka. Kazi ya mikono yangu ilikuwa na mshono mahali pamoja, nikairudia siku nne mpaka ukapotea.

Ilibaki ardhi. Nyasi humeza besi kama mchanga unavyomeza maji, hilo nilikuwa nimeliona siku ya jaribio: ilimpiga kifuani, haikumfikia miguuni. Nikamwendea fundi wa mbao karibu na soko, akanitengenezea sakafu ya plaiwudi, upana wa hatua kumi na urefu wa hatua kumi na mbili, iliyoinuliwa kidogo juu ya vipande vya mbao ili chini yake kuwe na uwazi. Spika za besi nilizilaza zikitazama ule uwazi. Sauti ilikuwa ya chini kiasi kwamba meneja wa bustani alipita mara mbili akaniuliza kama mtambo umeharibika. Tukamjaribisha mama siku moja kabla ya harusi. Alipanda juu ya mbao, akatulia, kisha akanitazama na kuinua nyusi. Hakucheza. Alishuka, akamwambia binti yake kitu.

"Anasema atafikiria," binti akasema.

Siku ya harusi Mungu alitupa jua lisilo kali. Ibada iliisha vizuri, wageni wakajaa bustani, mahema meupe pande tatu na sakafu yangu katikati. Nilipiga nyimbo za kusifu wageni walipokuwa wakikaa, nikatazama viatu kama kawaida. Lakini mawazo yangu yalikuwa langoni.

Kosa langu lilikuwa moja, na ni langu peke yangu. Sikumweleza mshereheshaji. Nilimwambia tu kwamba mama wa bi harusi ataingia kwa muziki maalum. Yeye alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kuamini kwamba ukimya ni adui wa harusi.

Mama akatokea langoni, gauni la rangi ya zambarau, kilemba kimesimama. Nikaanzisha magitaa. Alitembea hadi ukingo wa mbao, akavua viatu, akapanda, akasimama. Nilimwona akishusha pumzi ili ausikilize wimbo kwa nyayo zake.

"Mama wetu ameingia!" mshereheshaji akapaza sauti. "Akina anti mko wapi? Nendeni mumsaidie! Msimwache peke yake!"

Wakaja. Walikuwa kama ishirini, kwa upendo wote, wakipiga vigelegele, wakapanda juu ya mbao na viatu vyao vya visigino. Dada yake akamshika mkono na kuanza kumwonyesha hatua. Sakafu yote ikawa ngurumo. Kila kisigino kilikuwa kikigonga kwa mwendo wake, na katika ngurumo hiyo besi yangu ilipotea kama tone ndani ya mto. Nikamwona mama akitazama chini. Alitazama miguu ya dada yake, kisha ya mwingine. Binti alikuwa langoni na maua yake, na alikuwa ameona nilichoona.

Mimi si mtu wa kukata mtu kauli hadharani. Lakini nilizima kipaza sauti cha mshereheshaji, nikachukua changu, nikasimama.

"Akina mama," nikasema, "nawaheshimu sana. Naomba mshuke wote kwenye mbao."

Wakanitazama kana kwamba nimewatukana.

"Guka, kwani tumefanya nini?" mmoja akaita. "Hata kucheza siku hizi ni dhambi?"

"Si dhambi. Mnamzibia masikio. Anasikia kwa miguu. Shukeni, na mtu asipige makofi, wala asikanyage mbao. Tumngoje."

Walishuka, wengine wakinung'unika. Dada yake alishuka wa mwisho, akiwa amejiziba mdomo kwa mkono, kwa maana miaka yote hiyo ya kumwongoza hakuwa amejua. Bustani ikanyamaza, watu karibu mia tatu, na magitaa yakizunguka kwa sauti ndogo. Mama alibaki peke yake katikati.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Hakusogea. Wa pili ukapita. Nilimwona mchungaji akigeuka kunitazama, na mshereheshaji akinionyesha saa kwenye mkono wake. Nami nilikuwa na kidole juu ya mtambo, na shetani akaniambia, badilisha wimbo, mwokoe aibu. Nikakiondoa kidole. Nikajiambia kwamba ikinilazimu kungoja hadi magharibi nitangoja, kwa kuwa Mungu mwenyewe amenisubiri mimi muda mrefu kuliko huo.

Mzunguko wa tatu ulipofika kwenye kimya kile kifupi, mama alifumba macho. Besi iliporudi, mguu wake wa kulia ulishuka nayo. Si baada yake. Pamoja nayo. Kisha mabega yakafuata, kisha mikono ile mikubwa ikafunguka, na akaja mbele akicheza benga, macho yamefungwa, taratibu, bila kuchelewa hata nusu ya pigo. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Haki ya Mungu," na hakuna aliyemkemea.

Binti alimfuata akilia na kucheka, shela likiburuzika nyuma yake. Walipofika katikati mama alifumbua macho. Alimwona dada yake chini ya mbao, akamwita kwa mkono. Kisha akawaita wote, lakini kwa kuonyesha kwanza viatu vyake alivyokuwa amevivua. Mashangazi wakaelewa, wakavua visigino, wakapanda peku na kujipanga nyuma yake. Sasa wao ndio waliokuwa wakitazama miguu yake.

Nilikuwa nimepanga wimbo uende dakika tatu. Ulienda zaidi ya kumi. Mpishi alikuja kuniambia kwamba pilau inapoa. Nikamwambia aipashe.

Sikuukata wimbo kwa hiari yangu, kwa kuwa sikutaka mtu mwingine achague mwisho wake. Nilingoja. Hatimaye alinitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akainua kiganja kilichofunguka, na katika kimya kile kifupi kilichofuata akakifunga kikawa ngumi. Nikazima papo hapo. Bustani nzima ilisimama pamoja naye, kwa amri yake, na akaenda kuvaa viatu vyake.

Unayesoma haya, Mungu akuwekee watu watakaokungoja bila kukuburuta mpaka mguu wako uwe tayari, na akupe wewe pia subira ya kumngoja mwenzako. Nyumba yako iwe na amani, na furaha ikubishie hodi kwa njia unayoweza kuijua. Amina.